Malindi au Lamu? Picha za Ndege wa Ufukweni Jua Linapotua

Ukiniuliza uende Malindi au Lamu kupiga picha za ndege wa ufukweni jioni, nami nitakuuliza kwanza: siku hizo mwezi utakuwa wa ngapi? Siulizi Machi au Oktoba, hayo tutayafikia. Nauliza mwezi wa angani, ule ambao wavuvi huuhesabu tangu uandame. Lenzi unaweza kuazima na nyumba ya kulala unaweza kubadilisha, lakini maji hayamngoji mtu, na ndege hawa hufuata saa ya maji kuliko saa ya jua.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, tuseme mwezi mosi hadi mwezi 3, na tena ukishapevuka, mwezi 14 hadi 17, ndipo panapokuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hupita mita 3. Bamvua ya pwani ya Kenya ina tabia moja ambayo mpiga picha akiijua amepata nusu ya kazi. Maji hufika juu kabisa kati ya saa 10 na saa 11:30 jioni. Kwa hiyo mwanga unapoanza kuwa wa dhahabu, maji yamejaa au ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana wala kupwa sana, mwezi 8 au 9 na tena mwezi 22 hadi 24, huenda kinyume: saa 10 au 11 jioni maji yako chini, halafu yanarudi polepole huku jua likishuka.

Hapo ndipo uamuzi wangu unapotoka. Bamvua, nenda Malindi. Maji mafu, nenda Lamu. Yaliyobaki ni kueleza kwa nini, na ni wakati gani wa kuivunja kanuni hii.

Jua liko wapi, wewe uko wapi

Pwani yote hii inatazama mashariki, kwa hiyo jua huzama nchi kavu, nyuma ya minazi. Wengi huliona hilo kama hasara kwa sababu hawapati jua likizama baharini. Kwa mpiga picha wa ndege ni neema. Ukisimama Malindi umeipa nchi kavu mgongo, jua liko nyuma yako na ndege aliye mbele yako juu ya mchanga anaangaza mwili mzima. Jicho lake linapata ile nukta ya mwanga ambayo bila yake ndege huonekana kama amekufa.

Lakini jua letu linashuka karibu wima. Kutoka kwenye ile nyuzi 6 juu ya upeo, ambapo rangi inakuwa ya dhahabu kweli, hadi kuzama ni dakika 24 au 25 tu, basi. Kwa mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12:05 hivi, mwezi wa Novemba, na saa 12:40 kasoro, mwezi wa Februari. Ukifika mahali pako saa 12 kamili umechelewa. Uwe umeshalala kifudifudi mchangani, au umeshatia nanga, kufika saa 11.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau: upepo. Ndege wa ufukweni husimama wameuelekea upepo, na huruka kwa kuuelekea. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, wanatazama kaskazini-mashariki. Kusi ikivuma, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, wanatazama kusini-mashariki. Maana yake ni kwamba jioni, ukijiweka sawasawa kati ya jua na ndege, utapata mwanga mzuri mno juu ya mkia wake. Lazima ujisogeze. Wakati wa kaskazi kaa upande wa kaskazini-magharibi wa kundi. Wakati wa kusi kaa kusini-magharibi. Hapo ndege anakupa ubavu, mwanga unamjia kwa pembeni kidogo, na manyoya yanaonekana moja moja.

Malindi unajisogeza kwa tumbo lako. Lamu unajisogeza kwa mashua. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mambo mengi yanayofuata.

Sabaki, kaskazini ya Malindi

Kwa Malindi ninamaanisha mlango wa Mto Sabaki, kilomita chache kaskazini ya mji, mto uleule unaoitwa Galana na Athi huko juu. Tuktuk au bodaboda itakufikisha karibu, halafu ni kutembea kupita vilima vya mchanga hadi kwenye mafungu. Chukua kijana wa pale anayeongoza wageni. Si suala la kupotea njia. Mtoni kuna viboko, na saa unayotaka wewe ndiyo saa wanayotoka majini kwenda kula. Mamba wapo pia. Mwenyeji anajua leo viboko wako upande gani, na atakwambia "tuondoke" kabla giza halijaingia. Akisema hivyo, ondoka, hata kama heroe (flamingo) ndiyo kwanza wanatua.

Jioni ya bamvua pale mlangoni ni kitu cha kuona. Maji yanapanda, mafungu yanafunikwa moja baada ya jingine, na ndege waliokuwa wametawanyika kila mahali wanabanwa kwenye vipande vilivyobaki. Buabua kwa mamia, wa mdomo wa njano na wa mdomo wa machungwa, wamechanganyika na shakwe. Mbele yao, ukingoni kabisa mwa maji, vitwitwi wadogo wanakimbia kila wimbi linaporudi na kukimbizwa kila linapokuja. Pembeni, kwenye maji matulivu ya mto, domomwiko anafagia mdomo wake kushoto na kulia, na miaka mingine kuna heroe. Wote hawa wako kwenye eneo dogo, wamepigwa na jua la nyuma yako. Hakuna mahali pengine kwenye pwani hii ninapopajua panapokupa ndege wengi hivyo katika mwanga wa moja kwa moja bila kupanda chombo.

Pamoja na hayo, Sabaki ina masharti. Kundi lililobanwa na maji halina pa kwenda, na ukilirusha linachoma mafuta linayoyahitaji. Mwezi wa Machi na Aprili hili ni zito zaidi. Yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini, anayeanza kugeuka rangi ya tofali kifuani, ana uzito wa makumi machache tu ya gramu, na anajiandaa kwenda kuzaa kwenye nyika za barafu za Siberia. Kwa hiyo unalala mbali na kundi, unatambaa hatua chache, unatulia, unangoja. Vichwa vikiinuka vyote pamoja, umekaribia mno, usisogee tena. Mara nyingi maji yakianza kutoka ndege wenyewe hukufuata, kwa sababu tope la kwanza linaloonekana liko mbele yako.

Kusi ikivuma, mchanga nao hupeperuka chini kabisa, kimo cha lenzi yako. Funika kamera kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa mbele, na usibadilishe lenzi pale ufukweni.

Na jioni ya maji mafu? Sabaki hupwaya. Maji yako chini saa unayoyataka juu, ndege wametawanyika kwenye tope pana, na kila mmoja ni nukta. Ukiwa na lenzi ya milimita 600 utarudi na mandhari yenye ndege wadogo, ambayo inaweza kuwa picha nzuri, lakini siyo uliyoifuata.

Manda na mikoko ya Lamu

Sasa chukua jioni hiyohiyo ya maji mafu uipeleke Lamu. Pale kazi yote ni ya mashua. Ukingo wa Manda, kisiwa jirani, unaotazama mji wa Lamu unaelekea magharibi, kwa hiyo jua la jioni linavuka mlango wa bahari na kuupiga usoni. Maji yakiwa chini, chini ya mikoko kunatokea ukanda wa tope, na kwa kuwa ni maji mafu hayakupwa sana: mashua bado inaelea, inaweza kuingia vijito ambavyo siku za bamvua maji yakipwa vingekuwa tope tupu. Maji yanapoanza kurudi, ukanda ule unapungua na ndege wanasukumwa taratibu kuelekea mikoko, huku chombo chako nacho kikiweza kusogea. Unapata sululu anayechoma mdomo wake mrefu uliopinda ndani ya shimo la kaa. Unapata yangeyange wa pwani, wa aina zote mbili, mweupe na mweusi wa kijivu, wakati mwingine wakiwinda jirani. Unampata yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kwenda juu, ambaye hukimbia kama anayemkimbiza mtu.

Si ndege wengi. Mtu aliyezoea Sabaki ataona ni wachache. Lakini kila mmoja yuko peke yake, karibu, na nyuma yake kuna mizizi ya mikoko badala ya kundi jingine la ndege. Kwa picha ya ndege mmoja anayefanya jambo, mimi nitaichagua Lamu kila mara.

Chombo ndicho kinachoamua. Boti ya injini ina kasi lakini inatetema, na mtetemo huo unaingia kwenye picha hata ukiwa na lenzi yenye kutuliza mkono. Mashua ya tanga ni bora, na mtumbwi ni bora zaidi kwa sababu unakuweka chini, karibu na maji, jicho kwa jicho na ndege. Ukiwa na injini, mwombe nahodha aizime mbali na asukume kwa upondo. Mweleze kabla ya kuondoka gatini kwamba hutaki kufika mahali haraka, unataka kukaa. Manahodha wengi wamezoea wageni wanaotaka machweo, muziki na samaki wa kuchoma, na watakupeleka huko usiposema. Nahodha mmoja mtu mzima aliniambia neno ambalo nimelifuata tangu siku hiyo: "Ndege haogopi mashua, mwanangu. Aogopa mtu kusimama." Basi kaa chini, na kama mko wawili, asisimame hata mmoja.

Tripodi iache nyumbani. Kwenye mashua inabeba mtikisiko badala ya kuuondoa. Weka viwiko kwenye magoti, au lenzi juu ya mfuko mdogo wa mchele uliolazwa ukingoni mwa chombo, na ongeza kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga) kuliko ungefanya ukiwa nchi kavu.

Faida kubwa ya Lamu ni kwamba unaweza kulizunguka jua. Malindi jioni ina upande mmoja tu wa mwanga. Lamu ni visiwa. Ukitaka ndege aliyeangazwa, kaa upande wa mlango ukitazama Manda. Ukitaka umbo jeusi mbele ya anga la dhahabu, zunguka hadi upande wa Matondoni au Kipungani, magharibi mwa kisiwa cha Lamu, ambako jua linazama ng'ambo ya maji na ndege aliye kati yenu anageuka kivuli chenye ukingo wa moto. Jioni za bamvua, tope likiwa limefunikwa, sululu na yangeyange hupanda kupumzika juu ya mikoko. Hiyo nayo ni picha ya umbo jeusi, na kwa ajili hiyo peke yake Lamu inafaa hata bamvua.

Angalizo moja: kijito cha kwendea magofu ya Takwa, huko Manda, kinapitika maji yakijaa tu. Usiingie jioni ya bamvua ukasahau saa. Maji yakitoka, mtalala humo na mbu.

Gharama, lenzi na namba

Kwa fedha, Malindi ni rahisi. Usafiri mfupi, mwongozaji, basi. Lamu unalipa mashua jioni nzima, juu ya safari ya kufika kisiwani. Mkiwa watatu mkagawana inabebeka, ila wapiga picha watatu kwenye mtumbwi mmoja ni wengi, chukueni mashua.

Lenzi: Sabaki inataka milimita 500 au 600, au 400 kwenye kamera ya sensa ndogo, ambayo inakupa upana wa milimita 600 na ushee. Lamu milimita 300 hadi 400 mara nyingi yatosha kwa sababu chombo kinakusogeza, na lenzi nyepesi unayoweza kuishika saa nzima ni bora kuliko nzito inayokuchosha mikono kabla mwanga haujafika.

Kwa mwangaza, hizi ni namba za kuanzia, kwa lenzi yenye uwazi wa f/6.3. Nusu saa kabla ya kuzama, shata 1/1600 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800. Dakika 10 kabla, 1/1000 na ISO 1600. Jua likishazama, 1/400 na ISO 3200, na hapo piga wanaosimama tu. Kitwitwi mdogo anayeruka anataka 1/2500 au zaidi, kwa hiyo picha za kuruka zipige mapema. Mashuani usishuke chini ya 1/800 kama unaweza.

Ndege mweupe ndiye mtihani. Yangeyange au domomwiko kwenye jua la jioni anaungua upesi, yaani manyoya yanapoteza mchoro kwa mwanga uliozidi, na kinachoungua kwanza ni rangi nyekundu. Histogramu (grafu ya mwanga wa picha) moja ya kijivu itakuambia mambo ni salama huku mfereji wa nyekundu umeshagonga ukuta wa kulia, na baadaye manyoya ya kifua yatakuwa bamba la njano lisilo na mchoro. Washa histogramu ya rangi tatu. Punguza mwangaza kwa theluthi mbili za hatua hadi hatua nzima (hatua moja hupunguza mwanga kwa nusu). Sabaki, ambako ndege wengi ni weupe juu ya mchanga unaong'aa, mimi hupunguza hatua nzima tangu mwanzo. Kwa umbo jeusi la Lamu, pima mwanga angani, pembeni mwa jua, si kwa ndege.

Na mizania ya rangi (white balance) usiiachie kamera ijiamulie. Kazi ya mizania ya kujiendesha ni kuondoa rangi iliyozidi, na hiyo dhahabu uliyoisafiria ndiyo itakayoondolewa. Iweke kwenye mwanga wa jua, karibu Kelvin 5200 au 5500, uisahau.

Mwezi gani wa kalenda

Ndege wanaotoka kaskazini ya dunia huanza kufika Agosti na Septemba, wengi huondoka kufikia mwisho wa Aprili. Kwa hiyo Oktoba hadi Aprili mapema ni msimu wa pande zote mbili. Machi na mwanzo wa Aprili ndiyo bora kwa rangi, wakiwa wameanza kuvaa mavazi ya kuzalia: vifua vyekundu, migongo yenye madoa ya dhahabu.

Kati ya Aprili na Septemba Sabaki ina jambo ambalo Lamu haiwezi kushindana nalo. Ndege mmoja anayezaa Madagaska, mwenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu na tumbo la rangi ya chungwa iliyofifia, huja kukaa pwani yetu, na jioni hukusanyika mlangoni pale kwa makundi makubwa. Juu ya mchanga anapotea kabisa. Akiruka kufukuza wadudu jua likiwa chini, ndani ya bawa lake panawaka. Kama unakuja Agosti, achana na hesabu ya mwezi wa angani, nenda Malindi.

Mvua nyingi zikinyesha bara, Sabaki huleta udongo na bahari ya Malindi hugeuka kahawia mbali na ufukwe. Wengi hukimbia. Mimi nayapenda maji yale jioni, yanakuwa shaba iliyoyeyuka. Ila yana matatizo yake wakati wa kuhariri.

Mida, kwa mwenye kutaka ndege mmoja tu

Kabla ya kuhariri, neno kuhusu hori ya Mida, kusini ya Malindi karibu na Watamu. Wako wanaokwenda huko kwa ajili ya mla kaa peke yake: mweupe, mgongo mweusi, miguu ya kijivu mirefu, mdomo mnene mweusi usiofanana na wa ndege yeyote wa ufukweni. Kuna daraja la mbao la kuning'inia linalopita ndani ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia. Ukiwa kibandani uko juu kidogo, kwa hiyo picha zako zitamtazama ndege kutoka juu, na hilo ni pungufu. Lakini akimkamata kaa mbele yako utasahau. Humtikisa hadi miguu inakatika, anaiacha, anameza mwili, halafu anarudi kuokota mguu mmoja mmoja. Weka shata 1/2000 usiondoe kidole. Mwanga haukungoji, na kaa mmoja huisha kwa muda mfupi mno.

Mida ni ya maji yanayotoka. Jioni ya bamvua, siku ile maji yanapokuwa juu saa 10 hivi, kufikia saa 12 tope la kwanza limeanza kuonekana karibu na mikoko. Kesho kutwa yake utakuwa umechelewa. Maji yatakuwa bado yamefunika.

Kuhariri: picha za Sabaki na picha za Lamu si kazi moja

Hapa ndipo watu huharibu. Wanachukua mpangilio mmoja wa rangi na kuupaka kila picha ya jioni, hadi yangeyange anakuwa rangi ya embe.

Picha ya Sabaki ina mwanga wa mbele. Dhahabu tayari imo, juu ya ndege, juu ya mchanga na juu ya maji ya mto. Kazi yako ni kuipunguza mahali, si kuiongeza. Fungua faili ghafi (RAW, picha kama kamera ilivyoipokea), shusha maeneo angavu hadi manyoya ya kifua yarudishe mistari yake, halafu pandisha nyeupe kidogo tu ili ndege asifie. Joto la rangi liache kati ya Kelvin 5300 na 5800. Kipimo changu ni hiki: tafuta sehemu ya ndege mweupe iliyo kivulini, chini ya bawa au upande usio na jua. Pale panatakiwa pabaki na ubuluu kidogo wa anga. Pakigeuka njano, umezidisha. Dhahabu huonekana dhahabu kwa sababu kuna buluu jirani yake.

Kisha yale maji ya shaba. Ukiongeza ukolezi wa rangi picha nzima, maji yatapiga kelele kuliko ndege. Weka maski (uteuzi wa sehemu moja ya picha) juu ya maji peke yake, punguza rangi ya machungwa hapo, na muachie ndege rangi yake. Kama ni kundi zima, achana na maski ya ndege mmoja mmoja. Tumia maski ya rangi, ichague machungwa ya maji kisha uondoe ilipogusa manyoya.

Picha ya Lamu yenye mwanga wa nyuma inataka ujasiri wa kinyume: usiokoe kitu kilicho gizani. Kishawishi ni kuvuta slaida ya vivuli ili macho ya ndege yaonekane. Utapata chengachenga, zile nukta zinazochafua picha, za kijani na zambarau na ndege wa kijivu mchafu. Zamisha nyeusi iwe nyeusi. Uzuri wa picha hiyo uko kwenye umbo, kwa hiyo kagua umbo: mdomo wa sululu umetengana na tawi? Miguu miwili inaonekana kama miwili? Ikiwa mdomo umeungana na mzizi wa mkoko, hakuna programu itakayoitenganisha kwa uaminifu. Chagua fremu nyingine. Ndiyo maana inafaa kupiga mfululizo hata kwa ndege aliyetulia.

Picha ya Lamu yenye mwanga wa mbele, ile ya ukingo wa Manda, iko katikati. Mikoko nyuma ni kijani nzito, na jioni kijani hiyo hugeuka njano chafu. Isogeze kidogo kuelekea buluu na uitie giza nusu hatua. Ndege atajitokeza bila kumgusa.

Chengachenga za ISO 3200 ziondoe kwenye mandharinyuma, si kwenye ndege. Ukali nao uutie kichwani, hasa jichoni na mdomoni. Kukata picha: kamera ya megapikseli 24, ukichukua nusu ya upana na nusu ya urefu unabaki na 6, ambazo zinachapa vizuri kwenye karatasi ya A4 na kuzidi mahitaji ya simu. Ukilazimika kukata zaidi ya hapo, hiyo ni picha ya kumbukumbu, iweke kama kumbukumbu. Sabaki utakata mara nyingi. Lamu, mara chache.

Kwa mwenye simu peke yake sina wasiwasi: Lamu. Kamera ya simu haitamfikia kitwitwi wa Sabaki, lakini kundi la yangeyange linalorudi kulala juu ya mikoko, jahazi likipita chini yao, linaingia kwenye simu vizuri kabisa. Gusa anga kwenye kioo, shusha mwangaza, piga. Simu yako ikiweza kuhifadhi faili ghafi la DNG, liwashe kabla ya kutoka nyumbani.

Programu nazo zinafuata mahali. Snapseed ni ya bure na inafungua DNG. Kwa umbo jeusi la Lamu inakutosha, kwani unahitaji kushusha nyeusi, kunyoosha upeo na kukata. Sabaki, yenye maski za maji na histogramu ya rangi tatu, inataka kompyuta. Lightroom ni rahisi kujifunza ila unailipia kila mwezi. Darktable ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na maski zake za rangi ni za uhakika, ingawa jioni za kwanza itakusumbua hadi uzoee ilipoficha vitu. Kama unajua utakwenda Malindi, ipakue wiki moja kabla na ujifunze maski moja tu, ile ya kuchagua kwa rangi, kwa kutumia picha yoyote ya maji ya kahawia uliyo nayo.